Nimeacha soda za zero. Kati ya rozela, ubuyu, ukwaju na mchaichai, mwenye sukari anywe nini Dodoma hii?

Mama wa Kisasa

Mbukwenyi ndugu zangu. Nina kisukari aina ya pili, mwaka wa sita sasa, natumia vidonge vya metfomini. Nauza vitenge Majengo, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua: saa sita mchana vumbi limejaa kooni, maji yana ule ukali wa chumvi, unatamani kitu cha baridi chenye ladha. Kwa miaka minne kitu hicho kwangu kilikuwa soda ya zero, ile inayotiwa vitamu badala ya sukari. Nilianza na moja, nikafika tatu kwa siku.

Niseme ukweli, mashine ya kupimia sukari ya damu haikuonyesha sukari kupanda. Kuna wanaosema soda hizo zinapandisha papo hapo. Kwangu haikuwa hivyo. Kilichonisumbua ni ulimi. Haukuacha kudai utamu. Namaliza chupa, nusu saa haijapita natafuta andazi. Nikaamua kujaribu vya kwetu, kila kimoja kwa wiki mbili, napima kabla na saa mbili baada ya kunywa.

Rozela: nachukua ile kavu, nyekundu iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Kiganja kimoja kwenye lita ya maji yaliyochemka, nafunika robo saa, nachuja, kipande cha tangawizi na kijiti cha mdalasini, halafu friji. Sukari situmii kabisa. Siku ya kwanza uso ulikunjamana, siku ya nne nikaanza kuitamani. Kabla 6.8, baada 6.7 (milimoli kwa lita).

Ubuyu: hapa nilikosea. Nilinunua juisi ya chupa kibandani, nikatoka 7.1 mpaka 12.4. Nilipomwuliza muuzaji hakunificha, akanionyesha kikombe anachopimia sukari, anatia viwili kwenye ndoo ndogo. Nikatafuta unga mweupe mtupu, vijiko viwili kwenye glasi ya maji. Safari hii 7.0 kwenda 7.9. Unashibisha pia, hamu ya andazi ilitulia.

Ukwaju bila sukari sikuuweza, niliacha siku ya tatu. Mchaichai ni mzuri usiku, lakini kiu ya mchana haikati.

Kwangu rozela ni ya kwanza, ubuyu wa kujitengenezea wa pili. Wenzangu mnatumia nini? Halafu naambiwa asali ya Manyoni haina shida kwetu. Naweza kutia kijiko kwenye rozela?

Dereva wa Kibaigwa

Dada hongera kwa kupima, wengi tunabishana bila kipimo. Mimi niitetee zero kidogo. Niko barabarani siku nzima, na kabla ya kugundulika nilikuwa namaliza soda za kawaida nne kwa siku. Soda ya cola ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko vya chai tisa. Zidisha mara nne. Zero ndiyo iliyonitoa huko. Sasa nimebaki na moja kwa siku, ya mchana na chakula. Zingine nimebadilisha na maji ya baridi: nakata limao na tango vipande vyembamba, natumbukiza kwenye chupa usiku, asubuhi naondoka nayo. Inakaa mpaka Morogoro bila kuharibika ladha.

Rozela sijawahi kunywa bila sukari. Nitajaribu.

Muuguzi Mstaafu

Mama wa Kisasa, nianze na asali kwa sababu hiyo ndiyo inayowaumiza wengi. Asali ni sukari. Iwe ya Manyoni, ya Kondoa, iwe ya nyuki wadogo, mwili unaipokea kama sukari. Kijiko cha chai cha asali kina uzito wa gramu 7 hivi, na karibu 6 ni sukari. Kijiko kama hicho cha sukari nyeupe ni gramu 4. Kwa hiyo kijiko kwa kijiko, asali inazidi. Nimekaa kliniki ya sukari miaka mingi, nimeona watu waliojinyima chai ya sukari kwa uaminifu kabisa huku nyumbani wanakunywa asali vijiko vitatu asubuhi, wanashangaa kwa nini kipimo hakishuki. Usitie, mwanangu. Rozela umeshaizoea bila sukari, usiurudishe ulimi nyuma.

Kuhusu zero. Mwezi wa tano 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo na sukari ili kupunguza uzito au kujikinga na magonjwa kama kisukari. Ushauri huo uliwaacha nje watu ambao tayari wana kisukari, kwa hiyo wanaousambaza kama amri kwa wagonjwa wanakosea. Miezi miwili baadaye ikaja habari ya aspatemu, kitamu kinachotumika kwenye soda nyingi za zero, kuwekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, ushahidi ukiwa mdogo. Kiwango cha kutovuka hakikubadilishwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 kukivuka. Dereva, moja yako ya mchana isikunyime usingizi. Lakini alichoeleza mama kuhusu ulimi nimekisikia kwa wagonjwa wengi, na mtu akihisi hivyo ni sababu tosha ya kuacha.

Mzee wa Zabibu

Habari zenu. Mimi nina shamba upande wa Makutupora. Wateja wananiuliza kila msimu kama juisi ya zabibu isiyotiwa sukari inamfaa mwenye kisukari, maana "ni ya asili". Ningependa kuuza, lakini siwezi kumdanganya mtu na afya yake. Zabibu zetu ni tamu, na jua hili linazidi kuzikoleza. Glasi ya robo lita ya juisi yake ina sukari kama gramu 35, sawasawa na hiyo soda ya dereva. Mke wangu naye ana sukari. Yeye anakula punje kumi, kumi na mbili, baada ya chakula, anatafuna na maganda yake. Juisi hagusi.

Binti wa Bahi

Naomba nieleze lililotupata, kwa sababu uzi huu unasomwa na wanaowauguza wazee nyumbani.

Baba anachoma insulini. Mwaka jana wakati wa kuvuna mpunga alichelewa kula. Akaanza kutetemeka, jasho jembamba kwenye paji la uso, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mjomba akakimbia dukani, akarudi na soda ya zero, kwa nia njema kabisa, maana nyumbani tulishaambizana baba asipewe sukari. Tukamnywesha nusu chupa. Tukasubiri. Hakuna kitu. Mimi ndiye niliyepima: 2.9. Mikono yangu ilitetemeka kuliko yake. Mama akachota vijiko vinne vya sukari, akakoroga kwenye kikombe cha maji, tukamnywesha taratibu akiwa bado anaweza kumeza. Baada ya robo saa 4.6, akauliza ng'ombe wamefungwa na nani.

Zero haina cha kumsaidia mtu aliyeshuka. Sikulijua hilo siku ile, nimelijua kwa woga.

Muuguzi Mstaafu

Mama yako alifanya sahihi kabisa, mpe salamu zangu. Sukari ikishuka chini ya 4 na mtu anameza vizuri, mpeni kama gramu 15 za sukari: vijiko vinne vya chai kwenye maji, au glasi ndogo ya soda ya kawaida, mililita 150 mpaka 200. Pimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado, rudieni. Ikipanda, ale chakula. Akizimia msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Wanaotumia metfomini peke yake ni nadra kushuka hivyo. Wa insulini, na baadhi ya vidonge kama glibenklamidi, wawe macho.

Kijana wa Duka la Dawa

Shikamooni. Nyongeza ndogo. Rozela inaweza kushusha presha kidogo. Kwa wengi ni faida, ila mwenye dawa za presha akianza kunywa lita nzima kwa siku na akahisi kizunguzungu akisimama, amweleze daktari wake. Ni chachu pia, kwa hiyo sukutua maji baada ya kunywa, usikimbilie mswaki papo hapo, meno yanalika. Na ubuyu una potasiamu nyingi. Ambaye figo zake zimeshaanza kusumbua asiuzoee bila kuuliza kliniki.

Dereva wa Kibaigwa

Na togwa je? Huku njiani ndiyo inayopatikana.

Muuguzi Mstaafu

Togwa ni nafaka iliyotiwa kimea, na kimea kinageuza wanga kuwa sukari. Hata isipotiwa sukari ya dukani, utamu wake ni sukari. Mtindi usiotiwa kitu ni afadhali, kikombe kimoja, uhesabu kama sehemu ya mlo.

Mama wa Kisasa

Shikamoo mzee, shikamoo mama muuguzi, asanteni wote. Asali nimeiondoa mezani, nitawapa wajukuu. Juisi ya zabibu nilikuwa nimepanga kuijaribu wiki ijayo, nayo basi.

Dereva, rozela yako ya kwanza changanya nusu kwa nusu na yale maji yako ya limao, usianze na kali kama mimi.

Binti wa Bahi, nimesoma habari ya baba yako mara mbili. Jirani yangu wa meza ya pili hapa sokoni anachoma insulini, na siku zote mimi ndiye niliyekuwa namkaribisha zero. Leo nimenunua soda moja ya kawaida, nimeiweka chini ya meza yangu nyuma ya marobota. Nimemwonyesha yeye, nimemwonyesha na binti anayenisaidia dukani, na kifungulio nimekifunga kamba shingoni mwa chupa.