Besiboli kazini: wanalalamikia nini hasa, na mtoto nimwandikishe?

Kutoka: Mama Rehema, Des Moines
Novemba 2025

Habari zenu ndugu. Shikamooni wakubwa.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya jioni. Tangu fainali za besiboli ziishe mwanzoni mwa mwezi huu, chumba cha mapumziko hakikaliki. Huyu anasema Dodgers, timu ya Los Angeles, wamenunua ubingwa. Yule anasema mchezo ulishakufa mwaka 1994. Kuna mzee mmoja ninayemhudumia, yeye hataki hata kusikia kwamba mrushaji wa mpira siku hizi anawekewa saa ya kumharakisha. Wote wana hasira, lakini usiku wa mechi ya saba, Toronto na Dodgers, hakuna aliyekubali runinga izimwe mpaka ilipoisha zamu ya 11, Dodgers wakishinda 5 kwa 4. Mimi nimekulia kwenye mpira wa miguu, naomba mnieleweshe: mchezo huu unakufa au haufi?

Nina mengine mawili. Wanaonishauri kulipia kifurushi cha mtandaoni ili nitazame na wazee, wananishauri vizuri? Na mwanangu wa miaka tisa ameleta karatasi ya kujiandikisha kucheza masika. Wanataka uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa, na ninyi mnajua, tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wengi tumeandikiwa Januari 1.

Natanguliza shukrani.

---

Kutoka: Kaka wa Kansas City
Jibu: Besiboli kazini

Dada, pole na kazi. Mimi nimekaa na hawa watu muda mrefu, nitajaribu.

Haufi, ila umeshushwa kiti. Mwaka 1948 shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani mchezo gani wanapenda zaidi kutazama, asilimia 39 wakasema besiboli. Walipoulizwa mwishoni mwa 2023, walikuwa asilimia 10 tu, na mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, umechukua 41. Kwa hiyo mzee wako anapolia, analilia kitu cha kweli: alizaliwa mchezo huu ukiwa ndio Marekani yenyewe. Lakini nenda uwanjani. Msimu huu Ligi Kuu ya besiboli imeingiza watazamaji zaidi ya milioni 71, na ni mwaka wa tatu mfululizo idadi inapanda. Siku hizi ni mapenzi ya mji kwa mji. Mtu wa St. Louis anajua kila kitu cha Cardinals, ukimuuliza habari za Seattle anakutolea macho.

Hiyo saa wanayoilaumu iliingia 2023. Mrushaji ana sekunde 15 kama hakuna mpinzani kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, na 18 kama yupo (mwaka wa kwanza zilikuwa 20). Akichelewa anahesabiwa kosa. Kabla ya hapo mechi ilikuwa inachukua zaidi ya saa tatu, mrushaji anapangusa jasho, mpigaji anafungua glovu na kuifunga tena, na mtu ana shifti asubuhi. Mwaka ule ule ikashuka hadi kama saa mbili na dakika 40. Kelele zilikuwa nyingi wakati wa baridi, ilipofika Juni zimekwisha. Waliobaki nazo ni wazee wanaoamini besiboli haipaswi kujua saa, na mimi siwabishii, maana wana hoja yao. Mwakani inakuja nyingine: mashine itaamua mpira ulipita wapi pale mchezaji atakapopinga uamuzi wa mwamuzi, kila timu ikianza na nafasi mbili. Jiandae kwa kelele nyingine.

Hasira kubwa ni pesa. Ligi ya kofia ngumu na ya kikapu zina ukomo wa mishahara ya timu. Besiboli haina, ina kodi tu kwa anayezidisha. Dodgers walimpa Shohei Ohtani mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10, na milioni 680 kati ya hizo atalipwa baadaye, baada ya mkataba kuisha. Mets wa New York wakampa Juan Soto milioni 765 kwa miaka 15. Mwaka 2024 Dodgers walilipa zaidi ya milioni 100 kodi peke yake, wakachukua kombe, mwaka huu wamechukua tena. Tangu Yankees ya 1998 hadi 2000 hakuna aliyetetea ubingwa. Ndiyo maana mwenzako anasema wamenunua.

Hapa mimi natofautiana na wenzako. Timu ndogo zinapewa mgao kutoka kwenye mapato ya timu kubwa, na baadhi ya wamiliki wanauweka mfukoni. Wewe unamlaumu jirani anayekula nyama kila siku, kumbe baba mwenye nyumba yako ndiye aliyeficha pesa ya mboga. Na wachezaji si wote matajiri. Wale wa ligi ndogo, hata hao Iowa Cubs mnaowaona hapo Des Moines, timu ndogo ya Cubs wa Chicago, kabla ya 2023 kiwango cha chini cha mshahara kwenye hatua yao kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Wakajiunga na chama cha wafanyakazi, kikapanda hadi 35,800. Hebu linganisha na mshahara wako.

Kwa hiyo angalia unakaa meza gani. Kama kazini kwenu kuna chama cha wafanyakazi, usiseme hovyo kwamba wachezaji ni walafi. Mkataba wa ligi na wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026, na wamiliki wanazungumzia ukomo wa mishahara, kitu ambacho chama cha wachezaji hakitaki kukisikia. Mara ya mwisho, Desemba 2021, wamiliki waliwafungia wachezaji milango hadi Machi. Na huo mwaka 1994 unaotajwa, wachezaji waligoma Agosti na fainali hazikuchezwa kabisa. Kuna watu hawakurudi uwanjani tangu siku hiyo. Mwenzako huenda ni mmoja wao, ingawa naona runinga anaitazama.

Kifurushi: subiri kwanza! Iowa, jimbo lenu, haina timu ya Ligi Kuu, lakini kwa miaka mingi imehesabiwa ni eneo la timu sita: Cubs, White Sox, Cardinals, Royals, Twins na Brewers. Maana yake ukilipia kifurushi cha ligi nzima, mechi za timu hizo sita unafungiwa, kwa sababu haki zake zimeuzwa kwa vituo vya mkoa. Wazee wako watataka Cubs, watapata Miami. Kabla hujatoa senti, ingia kwenye ukurasa wa ligi, weka namba ya posta ya unapoishi, itakuonyesha timu unazofungiwa. Mpangilio wa haki hizi unabadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo angalia tena Machi. Redio ya mtandaoni ni rahisi zaidi, na mzee aliyezoea redio anaipenda kuliko picha.

---

Kutoka: Wairimu, zamani Oakland, sasa Sacramento
Jibu: Besiboli kazini

Kaka wa Kansas City amesema vizuri lakini ameongea kama mtu ambaye timu yake bado iko nyumbani. Hiyo milioni 71 haimfariji mtu wa Oakland.

Nyinyi watu wa Simba na Yanga, fikirieni mmiliki anaamka asubuhi anasema timu naipeleka Dodoma kwa sababu hamjanijengea uwanja. Hapa inaruhusiwa. Mwaka 2023, mwezi wa Juni, mashabiki wa A's, timu yetu ya Oakland, walifanya kinyume cha mgomo: walijaza uwanja makusudi, karibu watu 28,000, na fulana za kijani zimeandikwa neno moja la kumtaka mmiliki auze timu. Siku hiyo timu ilishinda. Haikusaidia kitu. Septemba 2024 wakacheza mechi ya mwisho pale uwanjani kwao, Coliseum, sasa wako hapa kwetu kwenye uwanja wa ligi ndogo, wakingojea uwanja wa Las Vegas unaotarajiwa 2028. Wamekataa hata kuweka jina la Sacramento mbele ya jina lao. Wanajiita A's tu, kama mgeni asiyetaka kufungua sanduku.

Kwangu hiyo ndiyo habari ya hali ya besiboli. Wachezaji wazuri, mchezo mzuri, na juu yake watu wasiokuwa na aibu. Na hakuna kushuka daraja! White Sox mwaka 2024 walipoteza mechi 121, na msimu uliofuata wako pale pale kama hakuna kilichotokea. Mkenya akisikia hilo anadhani unamdanganya.

Dada, ukitaka kuishi na wenzako kwa amani, uliza timu ya mtu kabla hujatoa maoni. Ukikutana na mtu wa Oakland, mpe pole tu.

Tiketi: usikimbilie Chicago. Hapo Des Moines mna Principal Park, uwanja wa Iowa Cubs, pale mito miwili inapokutana. Ni ya bei nafuu, watoto wanakimbia kwenye nyasi, na wachezaji unaowaona leo mwakani wako Chicago. Angalia sera yao ya mikoba kabla ya kutoka nyumbani, viwanja vingi vinakurudisha na mkoba mkubwa mpaka garini. Na chapati zako ulizoficha watazipata.

---

Kutoka: Ssebo wa Waltham
Jibu: Besiboli kazini (kuhusu mtoto)

Habari zenu. Nijibu la mtoto, maana sisi Waganda hilo la tarehe tumelionja.

Mwaka 2011 timu yetu ya watoto ilifuzu kwenda fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Viza zikakataliwa, sababu ikiwa ni vyeti vya umri visivyolingana. Watoto walilia. Mwaka uliofuata walikuja wengine, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Kwa hiyo, Mama Rehema, jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi ya shule.

Andika tarehe ile ile iliyo kwenye hati zake za uhamiaji. Usiandike ile unayoijua moyoni, hata kama ndiyo ya kweli. Fomu ya mchezo ikitofautiana na hati za serikali, unajitengenezea maswali ambayo yatakusubiri siku ya uraia. Umri wa Little League unahesabiwa hadi tarehe 31 Agosti ya mwaka wa mchezo, hivyo mtoto wa Januari 1 anahesabiwa umri aliotimiza mwezi huo wa kwanza. Ukitaka kurekebisha tarehe kweli, hiyo ni kazi ya mwanasheria wa uhamiaji, ifanye pembeni, kabla ya kujaza fomu. Watakuomba pia uthibitisho wa mahali unapoishi au kwamba mtoto anasoma eneo hilo. Bili ya umeme na barua ya shule weka tayari.

Kuhusu gharama, ada ya ligi ya mtaa si kubwa, na ukiomba kwa adabu nyingi zina utaratibu wa kusamehe. Glovu nunua iliyotumika, ni laini zaidi. Kinachokula pesa ni timu za kusafiri. Kocha atakuja na tabasamu, atasema mwanao ana kipaji, halafu kila wikendi ni hoteli na petroli. Hizo ndizo zilizowatoa watoto wengi weusi kwenye mchezo huu. Jackie Robinson, mchezaji mweusi, alivunja ubaguzi wa Ligi Kuu mwaka 1947, lakini fainali za 2022 hazikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja aliyezaliwa Marekani, mara ya kwanza tangu 1950. Siku hizi ni kama asilimia sita ya wachezaji wa Ligi Kuu. Kwa watu weusi ninaofanya nao kazi, hayo ndiyo malalamiko ya kwanza. Hayo ya Dodgers ni ya tano huko.

Mwandikishe. Mchezaji mzuri anatokea popote. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alifika Pittsburgh mwaka 2017, wa kwanza kutoka bara letu kucheza Ligi Kuu.

---

Kutoka: Papa Josué, Louisville
Jibu: Besiboli kazini

Aksanti kwa wote. Neno moja tu halijasemwa: kubeti.

Mama, hapo Iowa ni halali tangu 2019, na matangazo yake yatakuja kwenye simu yako siku ile ile utakapoanza kufuatilia mechi. Watakupa "zawadi" ya kuanzia. Vijana wetu hapa wanapoteza mshahara wa wiki Ijumaa usiku. Tena siku hizi watu wanabeti mpira mmoja mmoja, kama utakuwa wa kasi au la. Mwezi huu warushaji wawili wa Cleveland, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, wameshtakiwa kwamba walipanga mipira yao na wacheza kamari. Wamekana, kesi iko mahakamani. Ligi imekubaliana na kampuni za kubeti kwamba dau la mpira mmoja lisizidi dola 200. Mimi nacheka: ligi hiyo hiyo inachukua pesa ya matangazo yao, kisha inashangaa.

Kama kazini wanachanga dola kwa ajili ya fainali, kataa kwa upole, sema dini haikuruhusu. Hakuna atakayekuuliza zaidi.

---

Kutoka: Mama Rehema, Des Moines
Jibu: Besiboli kazini

Asanteni sana ndugu zangu. Kifurushi nimekiacha. Mzee nimemfungulia mechi za zamani kwenye tableti ya kazini, anaridhika, na hakuna saa.

Fomu ya mtoto nimeijaza kwa Januari 1. Baba yake alitaka kubishana, nikamsomea ujumbe wa Ssebo, akanyamaza.

Kaka wa Kansas City, nasikia huko kwenu kuna makumbusho ya ligi za watu weusi, zile za wakati walipobaguliwa. Kuna familia tatu hapa zinataka kuja na watoto wakati wa likizo ya masika. Ni mwendo wa kama saa tatu. Je, kuna mtu anajua mahali pa kula pilau karibu na hapo, au tubebe yetu?