Ushauri: kufungua kurasa za ruta, kamera na redio zilizoko Kilosa nikiwa Morogoro, laini ya 4G

PampuYaMaji: Habari za jioni wakuu. Kituo cha pampu kipo Kilosa, mimi nipo Morogoro mjini. Pale kuna ruta ya MikroTik (mfumo wake ni RouterOS 7) yenye laini ya 4G (192.168.88.1), rekoda ya kamera (192.168.88.10) na redio ya Ubiquiti inayorusha mtandao kwenda nyumba ya mlinzi (192.168.88.20). Nataka kufungua kurasa za vyote vitatu kwenye kivinjari bila kupanda gari. Nimeelekeza poti 8080 kwenda kwenye rekoda, nimeweka na DDNS (jina linalofuata IP kila inapobadilika), lakini wapi! Upande wa 4G ruta inaonyesha IP inayoanza na 100.72. Nakosea wapi?

Kamba Nene: Mkuu, jibu liko kwenye hiyo 100.72. Kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ni anwani zilizotengwa kwa watoa huduma, ili wateja wengi watumie IP moja ya umma. Ukiita kutoka nje, pakiti inafia kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kwa sababu hakuna aliyeiambia iende kwa mteja gani. Poti uliyoelekeza haitaguswa kamwe.

Geuza mwelekeo: ruta ndiyo ianze kupiga nje. Kodi VPS, yaani seva ya intaneti, ndogo ya Linux (RAM ya MB 512 inatosha), weka WireGuard (programu ya VPN, inayojenga handaki la siri kati ya mashine), ruta na laptopu zikutane hapo. Kwenye VPS:

```
[Interface]
Address = 10.10.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa VPS)

[Peer]
# ruta ya Kilosa
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa ruta)
AllowedIPs = 10.10.0.2/32, 192.168.88.0/24

[Peer]
# laptopu
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa laptopu)
AllowedIPs = 10.10.0.3/32
```

Usisahau `net.ipv4.ip_forward=1`, la sivyo VPS itapokea pakiti na kuzikalia. Kwenye ruta:

```
/interface wireguard add name=wg0 listen-port=13231
/ip address add address=10.10.0.2/24 interface=wg0
/interface wireguard peers add interface=wg0 public-key="..." endpoint-address=IP_YA_VPS endpoint-port=51820 allowed-address=10.10.0.0/24 persistent-keepalive=25s
```

Laptopu ipe 10.10.0.3/24, Endpoint iwe IP ya VPS na poti 51820, na AllowedIPs ziwe 10.10.0.0/24 na 192.168.88.0/24. Hizo sekunde 25 usizifute. Ruta ikinyamaza, kampuni ya simu inasahau njia ya kurudi, na wewe huwezi kuiamsha kutoka nje.

Nyaya Tupu: Na ile poti 8080 ifute leo leo. Mwaka 2018 tundu la usalama la Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik), CVE-2018-14847, liliwawezesha watu kusoma nenosiri za ruta zilizoacha poti 8291 wazi intaneti. Ukurasa wa ruta haukutengenezwa ukae barabarani.

PampuYaMaji: Asanteni sana. Handaki limesimama, ping ya 10.10.0.1 kutoka kwenye ruta inajibu. Kutoka laptopu rekoda inafunguka, ila ruta yenyewe haifunguki, na redio kimya kabisa. Rekoda ifunguke, ruta iliyo njiani igome?

Bi Seva: Hayo ni magonjwa mawili tofauti, ndugu yangu.

La ruta ni fayawoli ya kiwandani. Inatupa chochote kinachoigonga ruta yenyewe kama hakitoki kwenye orodha ya LAN (mtandao wa ndani), na wg0 haimo. Kinachopita kwenda kwenye vifaa vingine kinasimamiwa na mnyororo mwingine, unaozuia vya WAN (upande wa intaneti) tu, ndiyo maana rekoda ilikuitikia. Dawa:

```
/interface list member add list=LAN interface=wg0
```

La redio, naweka dau kwamba haina geti (anwani ya ruta ya kupitishia majibu nje ya mtandao wake). Watu wengi huipa redio IP na kuishia hapo, kwa kuwa ndani ya LAN inafanya kazi vizuri. Ombi kutoka 10.10.0.3 linaifikia, lakini haijui jibu ilipitishe wapi. Kwa kuwa huwezi kuingia ukaiwekea geti, ruta na ijifanye ndiyo inayouliza:

```
/ip firewall nat add chain=srcnat src-address=10.10.0.0/24 dst-address=192.168.88.20 action=masquerade
```

Au tumia SSH (njia salama ya kuingia kwa amri) ya ruta yenyewe: `/ip ssh set forwarding-enabled=local`, kisha kwenye laptopu `ssh -L 8443:192.168.88.20:443 admin@10.10.0.2`, halafu fungua https://localhost:8443. Redio itaona maombi yanatoka 192.168.88.1. Ukisahau amri ya kwanza, SSH itakujibu `administratively prohibited`. Kivinjari kitalalamika kuhusu cheti, hilo ni la kawaida. Ila njia hii ni ya poti moja tu: kwa rekoda utaona ukurasa wa kuingia, lakini video inayopita poti nyingine, mfano 554, haitakuja.

Kamba Nene: Naongezea. Ukurasa ukianza kufunguka kisha ukabaki mweupe, huku ping inajibu, shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja). Chaguo-msingi ni 1420. Shusha wg0 hadi 1280 kwenye ruta na laptopu, ujaribu tena. Na kabla hujagusa fayawoli ukiwa mbali, bonyeza Ctrl+X kwenye terminali ya MikroTik uingie Safe Mode. Ukijifungia nje, ruta inarudisha mabadiliko yenyewe.

PampuYaMaji: Geti la redio lilikuwa 0.0.0.0 kweli! Vyote vitatu vinafunguka. Swali la mwisho: handaki kukaa wazi usiku na mchana halitamaliza kifurushi?

Bi Seva: Pakiti ya kila sekunde 25 ni baiti 60 pamoja na vichwa vyake, yaani kama KB 207 kwa siku. Jumlisha kupeana funguo upya kila dakika mbili, bado hufiki MB 20 kwa mwezi. Kinachokula kifurushi ni kamera. Chagua mkondo mdogo (video ya ubora wa chini) kwenye rekoda, usiache video wazi. Halafu kwa kuwa redio sasa unaiingia, iwekee geti 192.168.88.1 na uiondoe ile masquerade.