Kituo cha simu mji mdogo: tuajiri wangapi, na zamu za akina mama ziweje?

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Ushirika wetu unaandaa kituo cha kupokea simu za wateja nje ya mji mkuu, ajira zisibaki kulekule kila siku. Waombaji wengi ni wanawake. Mteja tuliyempata anakadiria simu 120 kwa nusu saa wakati wa pilika, kila moja dakika 5 pamoja na kuandika kumbukumbu. Kwa hesabu yetu ni watu 20, tuwagawe miji miwili, 10 kwa 10. Tunakosea wapi?

Mpanga Zamu
Mkuu, kosa liko kwenye hiyo 20. Dakika 600 ukigawa kwa 30 unapata 20, ila huo ni mzigo wa simu, si idadi ya watu. Simu haziji kwa kupokezana, zinakuja kwa mafungu. Ukiweka watu 20 kamili, foleni inarefuka tu. Ukitaka simu 80 kati ya 100 zipokelewe ndani ya sekunde 20, fomula ya Erlang, ya kukadiria foleni za simu, inadai watu 25 vitini kwa wakati mmoja. Toa likizo, ugonjwa, mafunzo na mapumziko, tuseme asilimia 30: 25 gawa kwa 0.7, ajiri 36.

Miji miwili haina shida, ila foleni iwe moja, simu iende kwa mhudumu yeyote aliye huru katika mji wowote. Kila mji ukiwa na foleni yake utahitaji 14, jumla 28. Hao watatu wa ziada ni mshahara wa bure.

Fundi Laini
Simu moja ya intaneti kwa kodeki ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) hula kama kbps 87 kila upande. Simu 25 ni Mbps 2.2 kwenda na 2.2 kurudi, kwa hiyo pimeni na kasi ya kupakia, si ya kupakua tu. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150, mhudumu na mteja wanaanza kudakizana. Laini ya akiba isipite mtaro mmoja na ya kwanza. Jembe moja litakata zote.

Bi Msimamizi
Kwenye ile asilimia 30 ndipo akina mama huumizwa. Mkataba Na. 183 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani), wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na muda wa kunyonyesha uhesabiwe kuwa wa kazi na ulipwe. Muuingize kwenye ratiba tangu mwanzo, la sivyo mama akitoka kukamua maziwa mfumo unamwandika mtoro. Chumba kiwe na kitasa cha ndani, sinki na friji. Stoo haifai, choo ndiyo kabisa.

Matusi nayo: onya mara moja, akiendelea kata, kisha mhudumu achague sababu kwenye skrini na apumzike dakika 5. Asipochagua sababu, simu ile inahesabiwa kosa lake.

Usiku, gari limfikishe kila mtu mlangoni. Kituo cha basi hakitoshi.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Na mteja huyu akiondoka?

Mpanga Zamu
Kwa notisi ya siku 30 mmefunga. Daini siku 90 na kima cha chini cha malipo kila mwezi hata simu zikipungua. Tafuteni mteja wa pili ambaye pilika zake ni saa nyingine, viti vilevile vitumike.

Bi Msimamizi
Na nafasi za usimamizi, ukaguzi wa simu na upangaji zamu zitangazwe humohumo ndani kwanza. Kuna vituo ambavyo wapokea simu wote ni wanawake, ofisi ya kioo ya mabosi ni wanaume peke yao.