Naomba ushauri: kutabiri nani atavuja mshono baada ya upasuaji wa saratani ya umio

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa takwimu, udaktari siujui. Daktari mmoja wa upasuaji kaniomba nimtengenezee modeli ya kukisia mapema ni mgonjwa yupi wa saratani ya umio atapata shida baada ya kisu, hasa mshono wa ndani kuvuja. Kikokotoo cha NSQIP (cha kukadiria hatari za upasuaji) kimetokana zaidi na data za Marekani, nahofia hakitatufaa. Wagonjwa wetu wengi wanafika hata uji haupiti.

Mafaili ni ya karatasi. Wikiendi tatu nimeyaingiza kwenye Excel, na penye uzito mara nyingi nakuta "amekonda sana". Basi! Wagonjwa 192, waliovuja 23. Modeli ya kwanza ikanipa usahihi wa 88%, nikashangilia, kumbe imemwambia kila mtu "hatavuja".

Je, nirudi kwenye rigresheni ya lojistiki (modeli rahisi ya kukadiria uwezekano wa ndiyo au hapana) yenye vigezo viwili vitatu tu? Na kipimo cha albumini (protini ya kwenye damu) ambacho wengi hawana, nijazie kwa makadirio? Nahofia waliokosa kipimo ndio walioshindwa kukilipia, na huenda ndio wanaovuja zaidi. Aliyewahi kupambana na data chache hivi anisaidie.