RSL3 haiziui seli sugu za saratani ya utumbo mpana

Mtunguu: Assalaam aleikum. Seli za HCT116, za saratani ya utumbo mpana, zilizozoeshwa dawa ya oksaliplatini hadi zikawa sugu, nimezitia RSL3 mikromola 1, saa 24, na karibu zote zi hai. Apoptosisi, yaani seli kujiua kwa mpango, zimeshaikwepa, ndiyo maana nataka zife kwa feroptosisi, kifo cha mafuta ya utando kuoksidishwa kwa msaada wa chuma. Kosa liko wapi?

Bi Chake: Waaleikum salaam mwanangu. Tazama msongamano kwanza. Seli zikijaa kisahani na kugusana, E-kadherini, protini inayozishikanisha, huzima YAP, protini inayowasha jeni za kuchochea feroptosisi, nayo feroptosisi hugoma. Siku ya kutia dawa zifunike thuluthi tu ya kisima, kile kijishimo cha kisahani. Kisha soma kibandiko cha chakula cha seli: seleniamu ikizidi, GPX4, kimeng'enya kinacholinda mafuta ya utando, huongezeka, na hiyo ndiyo RSL3 inayoizuia. Vitamini E pia huzilinda.

Fundi Maabara: Na seli kufa si ushahidi. Panga visima: RSL3 peke yake, pamoja na ferostatini-1 (kizuizi cha feroptosisi) mikromola 2, pamoja na deferoksamini (inayonasa chuma) mikromola 100, pamoja na zVAD (kizuizi cha apoptosisi) mikromola 20. Ferostatini na deferoksamini zikiokoa, zVAD isiokoe, hapo sawa, ni feroptosisi. BODIPY C11, rangi inayoonyesha mafuta ya utando yakioksidishwa, ipime mapema, saa ya 4 hivi, wekundu unapogeuka kijani. Ukichelewa unapima maganda matupu.

Mtunguu: Shukran. Zikikataa bado?

Bi Chake: Shuku FSP1, kimeng'enya kingine cha ulinzi. Huirudisha koenzaimu Q10 katika hali ya kulinda utando bila kuihitaji GPX4. Jaribu RSL3 pamoja na iFSP1, kizuizi chake. Na umeme ukikatika RSL3 ikayeyuka kwenye friza, itupe. Igawe vichupa vya matumizi ya mara moja.