Nauza nyumba kwa awamu, mnunuzi anahamia kabla hajamaliza deni: umeme na maji viwe kwa jina la nani?

Wakuu, habari za muda huu.

Nina nyumba niliyokuwa naipangisha, sasa naiuza. Mnunuzi nimempata, ila benki imemgomea mkopo kwa sababu kipato chake si cha mshahara. Tumekubaliana nimkopeshe mwenyewe: anatanguliza robo ya bei, iliyobaki ananilipa kila mwezi kwa miaka mitano, na hati inabaki kwa jina langu mpaka amalize. Wakili kaandika vizuri mambo ya marejesho, riba, na itakuwaje akishindwa.

Juzi mnunuzi kaniuliza, "Kaka, nikihamia nakuta umeme na maji vipo, au naanza upya?" Nikakosa jibu. Mkataba una kurasa tisa na hakuna mstari unaotaja mita.

Nikiviacha kwa jina langu naogopa madeni. Nikivifunga aombe upya, naona nitamtesa. Mliopita njia hii mlifanyaje?

Mzee wa Mita
Usifunge kitu. Kufunga akaunti ni jambo moja, kubadilisha jina ni jingine. Ukiomba kufunga, mita inaweza kung'olewa, na mwenzio akaanza foleni kama mwenye nyumba mpya, nyaya zikaguliwe na kila kitu. Badilisheni jina tu.

Siku ya kukabidhi funguo simameni wote wawili mbele ya kila mita. Pigeni picha, tarakimu za matumizi na namba ya mita zionekane pamoja. Andikeni usomaji huo kwenye karatasi, msaini. Hapo ndipo deni lako linapoishia na lake linapoanza. Kama unalipia umeme baada ya kutumia, omba ankara ya mwisho kwa usomaji huohuo, na kama uliweka amana, idai. Watu huisahau kabisa.

Kama ni mita ya tokeni, hakikisha haina deni la zamani. Yapo madeni yanayokatwa kidogo kidogo kila mtu anaponunua. Mgeni akiweka hela akapata nusu ya yuniti alizotarajia, wa kwanza kupigiwa simu ni wewe.

Bi Hatua
Mzee yuko sawa kwenye umeme. Kwenye maji nampinga kidogo. Sehemu nyingi deni la maji linamfuata mwenye hati, si anayefungua bomba, na baadhi ya ofisi za maji hawabadilishi jina mpaka uhamisho wa hati usajiliwe. Wapo wanaokubali barua yako pamoja na nakala ya mkataba. Kaulize kabla hujasaini.

Mimi walinikatalia, nikamwachia mnunuzi alipe kwa uaminifu. Miezi ya mwanzo alilipa vizuri. Kumbe bomba la chini ya ardhi linavuja. Bili ikapaa, naye akasusa: "Hayo maji sijayatumia mimi." Nami nasema, mimi hata sikai humo! Tukavutana hivyo, deni linakua kwa jina langu. Siku ya kumhamishia hati nikaambiwa nilete cheti cha kutodaiwa maji. Nililipa mimi, na hasira juu.

Kwa hiyo kabla ya kukabidhi, acha tanki lijae, funga bomba zote, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanapotea mahali.

mwenye uzi
Asante dada. Sasa maji yakibaki kwa jina langu, nilipe mimi halafu nimdai?

Bi Hatua
Thubutu! Alipe mwenyewe, ila taarifa za bili ziendelee kuja kwenye simu yako. Usiondoe namba yako. Mkataba useme asipolipa ndani ya siku mtakazokubaliana, una ruhusa ya kulipa na kuongeza kwenye salio lake, na ihesabike kama kachelewesha rejesho. Kodi ya jengo ifanyieni hivyohivyo.

Kalamu Nyeusi
Naongezea mawili. Akichelewa rejesho usije ukamkatia maji au umeme ili kumkomoa. Huyo si mgeni wako, ni mnunuzi mwenye haki yake katika nyumba, anaweza kukugeuzia kibao mahakamani. Fuata njia mliyoandikiana.

La pili, mita ikikutwa imechepushwa, yaani umeme unapita bila kuhesabiwa, na jina ni lako, wa kuitwa kwanza ni wewe. Ndiyo maana umeme uhame siku ileile ya funguo, si "wiki ijayo". Na bima ya nyumba, waambie sasa anakaa nani.

Kidumu
Intaneti hama nayo tu mkuu, mwenzio atajichagulia yake.

mwenye uzi
Mrejesho. Mkataba nimeurudisha kwa wakili aongeze kifungu cha mita. Ofisi ya maji wamesema jina halibadiliki bila hati, kama dada alivyosema. Jioni nikaenda kwenye nyumba, tanki likajaa, nikafunga kila bomba. Kigurudumu kikatulia kidogo, halafu kikaanza kujisogeza polepole. Kesho fundi anakuja kufukua uani.

Swali la mwisho: gharama ya kufukua nigawane na mnunuzi?

Mzee wa Mita
Funguo bado ziko mfukoni mwako, mkuu. Yako hiyo.