Geti moja, ndege mbili, abiria 230 wanasimama kwa pamoja: tunapunguzaje msongamano?

Zamu_ya_Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu, naombeni ushauri wa kitaalamu, pole wekeni pembeni.

Mazingira: ukumbi wa kuondokea wa safari za ndani, mlango mmoja wa kutokea, meza moja yenye skana mbili. Saa 1:10 asubuhi inaondoka ATR 72 (ndege ndogo ya propela) ya Dodoma, abiria 70. Saa 1:25 inaondoka Boeing 737-800 ya Mwanza, abiria 160. Wote wanatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi. Mbele ya meza kuna nafasi ya mita 7 kwa 5, kisha viti vinaanza.

Tatizo: mhudumu akishika maiki tu, ukumbi mzima unasimama. Abiria wa Mwanza anafika mezani, skana inakataa kwa sababu tunapandisha Dodoma, anageuka kurudi na amebanwa nyuma. Mabegi makubwa yanagundulika mtu akiwa tayari mlangoni pa ndege.

Tulichojaribu: kuita Boeing kwa makundi kuanzia safu za nyuma, na kufungua skana zote mbili. Foleni ya ukumbini ilipungua, ikahamia kwenye ngazi, juani. Bajeti ni ndogo. Nguzo za mkanda, karatasi na wino zinapatikana, mashine mpya hapana.

Mzani_wa_Rampu

Mkuu, hapo kwenye skana mbili ndipo penye jibu. Fanya hesabu.

Mhudumu akisoma bodingi pasi na kulinganisha jina na kitambulisho, ni sekunde 5 au 6 kwa mtu, yaani abiria 10 hadi 12 kwa dakika kwa skana moja. Mlango mmoja wa 737, watu wakiwa na mabegi, unameza kati ya 9 na 12 kwa dakika. Mlango wenyewe hauna shida, shida ni korido ya ndani: mtu mmoja akinyanyua begi, wote walio nyuma yake wanasimama. Kwa hiyo skana moja inalingana na mlango mmoja. Ukiwasha mbili kwa mlango mmoja unatoa watu 20 na zaidi huku ndege inapokea 10. Baada ya dakika 5 una watu 50 kwenye lami.

Kanuni ya kufanyia kazi: idadi ya skana iwe sawa na idadi ya milango ya ndege. ATR, skana moja. Boeing, weka ngazi mbele na nyuma, skana mbili, kila moja na mlango wake.

Pili, ratiba. Ndege zako zimepishana dakika 15, lakini si lazima kupandisha kupishane vivyo hivyo. ATR ianze saa 12:35. Kwa watu 10 kwa dakika inamalizika 12:42, weka ziada hadi 12:47. Boeing ianze 12:50, kwa milango miwili inamalizika kwenye saa 1:02. ATR ikichelewa na kufika 12:45 haijaanza, usianze kuchanganya ukitegemea bahati. Badilisha zamu: Boeing yote kwanza, kisha ATR, na uwaambie watu hivyo.

Tatu, usiguse maiki mpaka kiongozi wa wahudumu wa ndani aseme kwenye redio ya mkononi kwamba kabini iko tayari. Kuita watu wakati usafi unaendelea ndiyo njia ya haraka ya kujaza ngazi.

Kibandiko

Nakazia ya Mzani, ila mmeruka chanzo. Abiria anasimama mapema kwa sababu anaogopa begi lake litakosa nafasi juu. Na hofu hiyo ni ya kweli. Kabati la juu la kawaida kwenye 737 linabeba begi 4 za magurudumu, haya mapya makubwa yanabeba 6 zikisimamishwa ubavu. Kwenye ATR ndiyo usiseme, trolei ya sm 55 mara nyingi haiingii kabisa.

Begi limalizwe kabla ya geti. Weka meza ndogo mara tu mtu anapotoka kwenye ukaguzi wa usalama, na fremu ya kupimia. Vipimo vinavyotajwa sana ni sm 56 × 45 × 25 pamoja na magurudumu na mpini, lakini fuata vya shirika lako. Kwa ATR fremu iwe ndogo zaidi: pima kabati lenyewe kwa futi, usikisie.

Begi lisiloingia linafungwa tagi palepale na kwenda buti. Hapa wengi wanakosea: wanafunga tagi kwanza, wanauliza baadaye. Mwenye begi atoe kwanza pawabanki na betri zote za akiba za lithiamu, hizo haziruhusiwi kwenda buti. Hadi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) zinaingia kabini bila shida, kati ya 100 na 160 ni kwa ruhusa ya shirika na zisizidi mbili. Kama pawabanki imeandikwa mAh tu, zidisha mAh kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni Wh 74. Baada ya betri, atoe dawa, nyaraka, fedha na kompyuta. Mpe mfuko mwepesi wa kubebea vitu hivyo, la sivyo atasimama hapo dakika tatu akipanga mikononi.

Begi lililokubaliwa nalo lifungwe kibandiko cha rangi. Mtu akishaona kibandiko chake, presha inashuka. Ila msigawe vibandiko kuliko nafasi iliyopo juu. Hesabu makabati ya ndege hiyo, punguza yaliyojaa vifaa vya dharura, zidisha kwa 4 au 6, na hapo ndipo mwisho wa vibandiko vya mabegi ya magurudumu. Begi la mgongoni linakwenda chini ya kiti.

Safu_ya_Kumi

Kuhusu kuita kuanzia nyuma: acheni. Kwa akili ya kawaida inaonekana sawa, lakini inawakusanya watu wa safu zilezile mahali pamoja, wawili wananyanyua mabegi na wengine 15 wanawatazama.

Jason Steffen, mtaalamu wa fizikia wa Marekani, alitoa hesabu zake mwaka 2008, na mwaka 2011 zikajaribiwa na watu 72 kwenye kabini ya kuigiza ya safu 12. Kuita kwa vikundi vya safu kulichukua dakika 6 na sekunde 54. Kutoka nyuma kwenda mbele, 6:11. Kuingia ovyo bila mpango, 4:44. Dirishani kwanza, kisha katikati, kisha koridoni, 4:13. Mpango wake Steffen wa kuruka safu, ili kila anayenyanyua begi awe na nafasi yake, 3:36. Yaani ovyo iliushinda utaratibu wa safu.

Shirika la ndege la United la Marekani lilirudisha mpango wa dirisha-katikati-korido Oktoba 2023.

Mama_Foleni

@Safu_ya_Kumi majaribio hayo sawa, lakini hayakuwa na mama mwenye mapacha, bibi mwenye fimbo na bwana mwenye ndoo ya samaki iliyofungwa plasta. Ukimtenganisha mtoto wa kiti cha kati na mama yake wa koridoni, foleni inasimama kwa mabishano tu.

Safu_ya_Kumi

Sahihi, ndiyo maana familia haigawanywi. Wote wanaingia na kundi la yule anayetangulia kati yao: mtoto yuko dirishani, basi familia nzima ni kundi la kwanza. Na sijamwambia aruke safu kama Steffen. Kwa ukumbi wa mita 7 hiyo ni ndoto, ungehitaji kumpanga mtu mmoja mmoja.

Boeing yako ifanye hivi. Kadi mbili za laminesheni: bluu mlango wa mbele, safu ya 1 hadi ya 13, na nyeupe mlango wa nyuma, safu ya 14 kwenda mwisho. Kwenye kila kadi namba kubwa: 1 kwa viti A na F (dirishani), 2 kwa B na E (katikati), 3 kwa C na D (koridoni). Kadi zinatolewa kaunta. Aliyejiandikisha mtandaoni anapewa kwenye meza ya mabegi ya Kibandiko, na kadi zote zinakusanywa kwenye skana kwa safari ijayo. Kadi ya rangi mkononi inaonekana kutoka mita 10. Maandishi ya bodingi pasi hayaonekani hata mita moja.

Hakikisha mlango haukosewi. Mtu wa safu ya 22 akiingia mbele atakutana na mkondo katikati na kusimamisha milango yote miwili. Weka mtu mahali njia zinapoachana, na koni za kuonyesha njia ya ngazi ya nyuma ikiwa mbali na bawa na injini. Na ulizia mafuta kabla. Kama yanajazwa abiria wakiwa ndani, kuna masharti yake, mikanda haifungwi na njia za kutokea ziwe wazi, kwa hiyo rubani na wahudumu wajue.

Kigingi

Kwa ATR sahauni mambo ya dirisha. Viti ni viwili viwili, na mabegi yameshatolewa na Kibandiko. Wape kadi za njano zenye namba 1 hadi 70 bila kujali kiti. Ni ule mpango wa ovyo wa Safu_ya_Kumi, ila umepangwa foleni.

Mlango wa abiria wa ATR uko nyuma na mizigo mingi inakaa mbele, kwa hiyo mtu wa safu ya 1 ndiye anayetembea mbali kuliko wote. Anayezoea kuita "safu za nyuma kwanza" hapa anaziba mlango kabisa. Halafu kuna uzito: watu wengi wakisimama mkiani huku buti la mbele bado ni tupu, pua inataka kuinuka. Kigingi cha mkia, ile nguzo ya kuegemeza mkia usishuke, kiwekwe kabla mtu wa kwanza hajapanda, na awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina kwamba ndiye wa kukitoa. Wasihame viti hata wakiona safu tupu, kwa sababu karatasi ya mizani (hesabu ya uzito wa ndege) imehesabiwa kwa viti walivyopewa.

Abiria wa kiti cha magurudumu na anayehitaji kusaidiwa ngazini aanze dakika 10 kabla ya wengine, saa 12:25. Ukimwita pamoja na kundi la kwanza, ngazi inazibwa.

Sauti_ya_Geti

Sasa maiki. Tangazo la "tunatarajia kuanza kupandisha hivi punde" lifutwe. Abiria anasikia "kupandisha" tu, anasimama.

Taja mji, namba ya safari iache kwenye ubao. Anza na nani, kisha afanye nini, kisha wengine wafanye nini. Mfano:

"Abiria wa Dodoma. Dodoma pekee. Kadi ya njano, namba 1 hadi 20, fikeni mezani. Kadi ya njano kuanzia 21, kaeni, tutawaita baada ya dakika mbili. Abiria wa Mwanza, kaeni, mtaanza saa 12:50."

Lile la mwisho ndilo linalowaweka watu kwenye viti. Bodingi pasi zina muda wa kupanda ulioandikwa, na ukipita bila neno watu wanajipanga wenyewe. Kama mnachelewa, sema hivyo katika dakika ileile iliyoandikwa, na utaje saa mpya.

Kwa nini 20? Mtu mwenye begi anachukua sm 70 za foleni. Watu 70 ni mita 49, huna. Watu 20 ni mita 14: mikondo miwili ya mita 7, inaenea kwenye nafasi yako. Kila mkondo upana wa sm 90, ukizidi hapo watu wanasimama wawili wawili na kupitana.

Zamu_ya_Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu mmenifungua. Kwa Boeing, kundi la namba 1 ni kama watu 53 kwa wakati mmoja. Si wengi kuliko nafasi niliyo nayo? Na nguzo ninazo 8 tu.

Sauti_ya_Geti

Ni wengi. Ita bluu 1 na nyeupe 1 kwa mfuatano, si pamoja: takriban 27 bluu, subiri skana ifikie wa 15, kisha nyeupe. Hapo mikondo iwe mitatu: ya nje iwe ya nguzo na ule wa kati mchore chini kwa plasta ya njano ya sm 5. Nguzo mbili zibakize kwa njia ya kurudia, pembeni mwa meza. Aliyekataliwa na skana atoke kwa ubavu, asigeuke kupita katikati ya watu.

Kibandiko

Na meza ya mabegi ifunguliwe saa 11:40. Ikifunguliwa wakati mmoja na geti, haina kazi.

Zamu_ya_Alfajiri (mleta uzi)

Fundi wa laminesheni nimeshampigia. Kadi 70 za njano, 85 bluu, 85 nyeupe, tano tano za akiba zimo kwenye hizo za Boeing.

Kigingi

Ongeza na za njano. Watatu wataondoka nazo Dodoma.